Gari la Mzee Mwandoe, Barabarani au Behewani

Vijana wangu, juzi mmoja wenu alinifuata hadi nyumbani kwangu Kaloleni, hapa hapa Voi. Amenunua gari kuukuu, zuri ajabu, lenye umri wa kumzidi baba yake, na anataka kulifikisha Nairobi. Akaniuliza, mzee, niliendeshe au nilipakie kwenye lori? Kabla sijajibu alikuwa amekwisha fungua boneti na kuanza kunieleza habari za plagi na kabureta. Nikamwambia afunge boneti, aketi, tunywe chai. Swali hilo nimeulizwa tangu miaka ya hamsini, na kwa muda mrefu nililijibu vibaya.

Siku hizo nilikuwa fundi katika garaji moja hapa Voi, karibu na stesheni. Mwenye garaji alikuwa Fundi Bakari, mtu wa Pwani aliyekuja Voi kwa wiki mbili akakaa miaka thelathini. Barabara ya Mombasa ilikuwa vumbi na mchanga wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha inageuka uji. Mwenye gari alilolipenda alikuwa na njia mbili. Aliendeshe ajikabidhi kwa Mungu, au alipandishe kwenye behewa la wazi, lifungwe kamba, livutwe na treni kama ng'ombe wa mnada. Na kwa kuwa Voi ndipo reli ya Taveta inapokutana na reli kuu, wengi walikuja kutuuliza sisi.

Mimi wakati huo nililiogopa behewa, na sababu ninayo. Gari la kwanza nililolifunga peke yangu lilikuwa la zamani, lenye magurudumu ya mbao. Nilipitisha kamba katikati ya spoki, nikakaza mpaka mikono ikachubuka, nikajisifu kwamba hata tetemeko lisingelitikisa. Siku nne baadaye mwenye gari akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Akakiweka juu ya meza ya Bakari bila kusema neno. Ilikuwa spoki, imevunjika katikati.

Bakari hakunigombeza mbele ya mteja. Alipoondoka, akaniita. "Kamba yafunga mfupa," akasema, "haifungi nyama." Kisha akanilaza chini ya gari moja kutwa nzima, nikiulizwa kila kitu nilichokigusa. Ekseli? Mfupa. Madigadi? Nyama. Fremu? Mfupa. Spoki? Nikanyamaza. "Nyama," akasema Bakari, "tena nyama ya ulimi."

Kulikuwa pia na lile gari jeupe la bwana mmoja wa mjini. Tulilifunga vizuri, mfupa kwa mfupa, lakini hatukulifunika turubai kwa sababu mwenyewe alitaka watu walione njiani. Behewa likawekwa karibu na injini ya treni. Lilifika Mombasa lina madoa ya masizi mwili mzima kama kanga. Nasikia watoto wa mtaa ule waliliita Kanga mpaka likauzwa.

Basi nilikuwa na orodha yangu kichwani. Akija mtu na gari kuukuu, nilikagua rejeta kwanza, kisha magurudumu, kisha springi, kisha nikauliza kama mvua imenyesha Samburu, kwenye barabara ya Mombasa. Nilijiona mjuzi. Mpaka akaja Mzee Mwandoe.

Mzee Mwandoe alikuwa Mtaita wa Ronge, mrefu, mkavu, amevaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba alivyovisugua mpaka vikameta. Alikuwa amemwendesha meneja wa shamba la katani upande wa Taveta kwa miaka ishirini na minane, na muda mwingi wa miaka hiyo katika gari moja tu, gari la wazi lenye kofia ya turubai, taa kubwa kama masufuria, na magurudumu ya mbao. Meneja alipostaafu na kurudi kwao, alimwachia Mwandoe lile gari. Hakuna mtu mwingine aliyelitaka.

Safari ya kwanza aliyoifanya nalo kama lake ilikuwa kupanda nyumbani Ronge. Sasa, magari yale ya zamani mengine hayakuwa na pampu ya mafuta. Petroli ilijishukia yenyewe kutoka kwenye tangi, na ukipanda mlima mkali pua ikiwa juu, mafuta yanagoma kufika. Dawa yake ni kupanda kinyumenyume. Kwa hiyo Mzee Mwandoe aliingia kijijini kwao kwa matako ya gari, mbele ya jamaa wote waliojipanga kumlaki. Ronge walicheka mwaka mzima, wakisema Mwandoe alianza kuondoka kabla hajafika.

Alipokuja kwetu Voi ilikuwa Jumanne asubuhi. Alikuwa na binti yake Mkawasi, mwalimu wa shule kule Mbololo, mwanamke wa miaka kama thelathini, mpole wa sauti lakini si wa kuyumbishwa. Mzee alikuwa amelitoa gari Taveta, alikokuwa bado analiweka, na kuliendesha mwenyewe mpaka Voi. Akatueleza shida yake. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbao Mombasa, Bwana Kassim, aliyelinunua gari hilo limchukue binti yake siku ya harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba atalileta mwenyewe. Alichotaka kwetu ni kulikagua tu, kisha aondoke kesho yake.

Bakari akamuuliza kwa heshima kwa nini asilipakie kwenye treni, akae kwenye behewa la abiria, anyooshe miguu.

Mzee akavua kofia yake. "Miaka ishirini na minane," akasema, "nimeendesha gari hili huku mtu ameketi nyuma yangu ananiambia kata hapa, kata pale. Nataka safari moja nikate kona ninayoitaka mimi. Baada ya hapo walichukue."

Nikaanza kazi. Injini ilikuwa safi kuliko jiko la mke wangu, na nilimwambia hivyo mke wangu, jambo ambalo siwashauri mlifanye. Springi nzima. Rejeta haivuji. Kasoro ilikuwa moja tu, na haikuwa kubwa. Magurudumu yalikuwa yamekauka. Mbao ikikaa nyikani wakati wa kiangazi husinyaa, spoki zikaanza kuchezacheza kwenye mashimo yake. Dawa ni maji. Unafunga magunia mabichi kwenye magurudumu, unayamwagia kila baada ya muda, mbao inavimba na kushika tena. Siku moja ingetosha.

Nilipokuwa nimeinama penye gurudumu, Mkawasi akaja akachuchumaa kando yangu kana kwamba anaangalia spoki. Akaniambia polepole kwamba baba yake haoni. Si kwamba haoni kabisa, anaona mwanga, anaona vivuli, lakini macho yake yameingia ukungu mweupe. Yeye mwenyewe hakujua ukubwa wake mpaka jana, walipofika karibu na Bura. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Baba yake aliendelea kwenda mbele bila kupunguza mwendo, na Mkawasi akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari lilisimama likiwa limemgusa ndama. Mzee alisema vumbi ndilo lililomzuia kuona. Hapakuwa na vumbi.

Mombasa kulikuwa na daktari wa macho, aliendelea, na alikuwa amemsihi baba yake tangu Krismasi aende akapasuliwe. Hataki. Anasema kisu hakiingii kwenye jicho la mtu mzima. Kisha akaniomba nimsaidie jambo moja. Nimwambie mzee kwamba gari ndilo lisiloweza. Gari likishindwa, mzee hatakuwa ameshindwa.

Niliyatazama macho ya yule mwalimu, nikakubali. Msinicheke. Hata leo sijui kama ningeweza kumkatalia.

Nikamwendea mzee, nikajikohoza kama daktari. Nikamwambia magurudumu yamekwisha, spoki zimeoza ndani, hayatafika hata Maungu. Heri alipakie kwenye behewa, nami nitalifunga kwa mikono yangu.

Hakubisha. Alipapasa mpaka akalipata gurudumu, akaniambia nichukue spana nigonge spoki, moja moja. Nikagonga. Aliinamisha kichwa, sikio moja limeelekea chini. Nikagonga zote kumi na mbili za gurudumu hilo, kisha la pili. Hata Bakari alikuwa ameacha kupiga nyundo.

"Spoki iliyooza inasema du, kama mlango," akasema mzee. "Hizi zinalia. Zina kiu tu, na wewe unajua. Fundi, nani amekuambia useme hivyo?"

Mkawasi akasimama. "Ni mimi, baba."

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akawa anavichezea vifungo vya koti lake. Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, kwamba barabara ya Taveta hadi Voi anaijua kama ua wake, kila kona na kila daraja, ndiyo maana aliweza kuipita. Ile ya Mombasa aliijua zamani, lakini imekatwa upya sehemu nyingi, na makaravati ya kupitishia maji yamehamishwa. Alikuwa anajua tangu Taveta kwamba hataweza. Alitumaini kwamba barabara ingemhurumia.

"Basi lipakieni," akasema.

Akatoka nje akaenda kusimama juani, peke yake.

Vijana, nimevunja vitu vingi katika kazi yangu. Ile spoki, vichwa viwili vya injini, mguu wangu mwenyewe. Sikumbuki kitu kilichonipa aibu kama uongo ule. Nilikuwa nimelitukana gari zima ambalo halikuwa na kosa, mbele ya mtu aliyelitunza. Na sikumpunguzia maumivu hata chembe.

Bakari akanifuata. "Hebu niambie," akasema. "Gari hili lina kasoro gani?"

Nikamwambia halina kasoro.

"Na barabara?"

Nikamwambia ni kavu, inapitika.

"Sasa wataka kulifunga kamba gari zima, kwa sababu ya nini? Kilichochoka ni macho. Wewe unayo mawili, na leseni unayo. Nenda ukamuulize mzee kama atakubali kuendeshwa."

Nilienda. Sikumzunguka tena. Nilimwambia nimekosa, gari lake ni zima, na kama ataniruhusu nitashika usukani mimi, yeye akae mbele kando yangu. Nikaongeza kwamba mimi gari la namna ile sijawahi kuliendesha mbali, sijui linataka nini, kwa hiyo nitamhitaji anielekeze. Hilo halikuwa uongo.

Alifikiri. Akasema atakubali kwa sharti moja. Akisema kata, nikate. Akisema simama, nisimame, nisimuulize sababu mpaka gari limesimama. Nikakubali. Mkawasi akasema naye ana sharti lake. Wakishakabidhi gari, asubuhi ya pili waende kwa daktari wa macho, akaangaliwe tu.

"Tutaona," akajibu mzee. Halafu akalisikia neno lake mwenyewe, akacheka, na binti yake akacheka huku anajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

Jumatano kutwa tulinywesha magurudumu. Magunia ya katani, maji, magunia tena. Jioni niligonga spoki mbele ya mzee, zikalia sauti moja. Alhamisi kulipopambazuka tukaondoka, Mkawasi ameketi nyuma na mikate, chupa za chai na kamba. Mbele tulikuwa tumening'iniza mifuko miwili ya turubai yenye maji, upepo uyapoze.

Mnaoendesha magari ya leo hamjui raha ya mwendo ule. Tulikwenda kama baiskeli. Mzee alikuwa amefumba macho, kiganja chake kimelala juu ya mlango, na kila mara alinisemesha. Ongeza kidogo, anapenda hivyo. Usimkanyage klachi namna hiyo, si mdudu. Mchanga ulipokuwa mwingi, alinisimamisha tukapunguza upepo wa matairi mpaka yakabonyea, tukavuka kama ngamia. Kisha tukayajaza tena kwa pampu ya mkono, kazi ambayo ilinifanya nimkumbuke Bakari kwa maneno yasiyofaa kuandikwa.

Tulikuwa tumepita Maungu mbali, nyika tupu pande zote, barabara imenyooka, nami nimeanza kupiga mluzi, mzee aliposema, "Simama."

Nikasimama. Sikuwa nimesikia kitu ila injini na upepo. Akasema ni gurudumu la nyuma, upande wangu. Linasema ti, halafu ti-ti, na hapo mwanzo lilikuwa halisemi kitu.

Nilishuka, nikaliangalia, nikaona zima. Karibu nimwambie hivyo. Lakini nikakumbuka nilivyodanganya juu ya magurudumu yale yale, nikatoa jeki. Nilipoliinua na kulitikisa, spoki tatu zilicheza penye kitovu. Bolti mbili zilikuwa zimelegea, moja ikining'inia kwa nyuzi zake za mwisho. Mbele yetu, labda nusu maili, barabara iliteremka kwenye korongo lenye daraja jembamba lisilo na ukingo. Mkawasi alilitazama lile daraja, akanitazama mimi.

Tulikata kopo la biskuti kwa mkasi wa kushonea wa Mkawasi, tukatengeneza kabari nyembamba za bati, nikazipigilia penye mashimo, nikakaza bolti, tukamwaga maji ya mfuko mmoja wote juu ya gurudumu. Mzee alisikiliza nikigonga. Akatikisa kichwa, nikarudia kabari moja. Akasikiliza tena. "Sasa," akasema. Kabla hatujaondoka alipitisha mkono wake juu ya mabega yangu, akaniuliza jina la baba yangu na tunatoka wapi. Hapo awali alikuwa akiniita Fundi tu.

Tulifika Mariakani jua limeanza kupinda. Mzee akaniuliza kama njia panda imefika, kisha akaniambia, "Kata kulia." Nikakata. Ilikuwa njia ya miguu tu, inaingia kwenye minazi, na sikuona sababu yoyote. Tulikwenda polepole mpaka kwenye nyumba moja ambapo mama mmoja alikuwa anauza madafu. Mzee akashuka, akanyoosha mkono, akapewa dafu, akalinywa lote kwa pumzi moja maji yakimchuruzika hadi kwenye vifungo vya shaba. Akaomba la pili. Ndipo akatueleza. Kila alipomleta meneja Mombasa walipita njia panda ile, naye aliwaona watu wakinywa madafu, na hawakuwahi kusimama hata siku moja.

Kwa Bwana Kassim tulifika kabla ya magharibi. Ua ulikuwa umejaa wanawake wa shughuli ya harusi, na waliposikia honi wakatoka wote kulipokea gari kwa vigelegele. Bwana Kassim alilizunguka mara mbili, ameshika kidevu, kisha akauliza nani aliyeliendesha kutoka huko bila hata mkwaruzo. Nikamwonyesha mzee. Mzee akasema, "Usukani kashika huyu. Mimi nilimwambia gari linasema nini." Akatoa kitambaa, akafuta taa moja ambayo haikuwa na vumbi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mkawasi alimshika mkono, naye hakuukwepa.

Mimi nilirudi Voi kwa treni. Kuanzia siku ile, mtu akiniletea gari kuukuu na swali lake, boneti naiacha. Nauliza kwanza nani ataendesha, anaonaje, amelala vipi, na ana haraka ya nini. Ukipata majibu ya hayo, ya rejeta na spoki ni kazi ya mchana mmoja. Na nimewatuma wengi kwa behewa bila aibu. Siwaambii tena kwamba gari ndilo lililoshindwa kama si kweli. Mtu mzima akiambiwa ukweli kwa adabu anaweza kuubeba, na mara nyingi atakuonyesha njia ya tatu ambayo hukuifikiria.

Sikupata habari zao kwa muda. Masika ikaja, ikapita. Asubuhi moja, treni ya kutoka Mombasa ilipokuwa imekwisha ondoka, nilimwona mtu mrefu amesimama mlangoni pa garaji, amevaa miwani mizito kama vitako vya chupa. Alikuwa peke yake. Walikuwa wamempasua mtoto wa jicho katika jicho moja, la pili lingefuata mwaka unaofuata, na alikuwa ameuguzwa kwa jamaa zao Mombasa mpaka akapona. Mkawasi alitaka kuja kumchukua, akamkatalia.

Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka viatuni hadi kichwani, mpaka nikaona haya.

"Kumbe wewe ni kijana mdogo," akasema. "Ningelijua, nisingelikupa gari langu."

Bakari alicheka mpaka akakaa chini. Tulimpa chai, akaikagua garaji yote, akatuambia ni chafu. Kisha akaaga, akatafute gari la kumpandisha Ronge. Mbele ya garaji kulikuwa na mtaro mpana, na ng'ambo yake barabara yenye malori. Nikatoka nimshike mkono.

"Niache," akasema. "Nauona."

Nikabaki nimesimama pale. Aliuvuka mtaro kwa hatua moja. Akasimama ukingoni mwa barabara, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaliacha lori lipite, kisha akavuka.